Kwa nini ujumbe wa dharura uandikwe kwanza ndipo usomwe redioni?

Mlinzi wa Masafa, Lindi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nilipata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya wapenzi wa redio wasiofanya biashara, si muda mrefu uliopita, na pamoja na wenzangu wachache tunaunda kikundi ambacho tungependa kiwe tayari kusaidia mawasiliano pale minara ya simu inapozimika. Wazo hili lilitujia baada ya kimbunga Hidaya, kilichofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, wakati mvua zilipoikata barabara ya Dar es Salaam katika eneo la Somanga na kuuacha mkoa wetu ukiwa umetengana na kaskazini. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilipata hitilafu, na mtandao ukadorora Tanzania, Kenya na kwingineko. Matukio hayo mawili hayakuhusiana, lakini kwa kuwa yalifuatana kwa karibu, yalitufanya tujiulize Lindi ingewasilianaje na Dar es Salaam kama barabara, simu na intaneti vingekatika kwa pamoja.

Katika mazoezi yetu kumezuka tofauti ya mawazo ambayo sijaweza kuimaliza. Mmoja wetu anasisitiza kwamba kila ujumbe wa mtu mwingine tunaoupeleka hewani lazima kwanza uandikwe kwenye fomu, upewe namba, daraja la uharaka, idadi ya maneno, anwani na sahihi, ndipo usomwe neno kwa neno kama ulivyoandikwa. Mwenzake anaona kwamba huo ni urasimu wa ofisini, kwa sababu wakati wa maafa anayeshika kipaza sauti anatakiwa aseme anachokiona, na anayesikiliza, akiwa mtu mwenye akili timamu, ataelewa na kuchukua hatua. Wote wawili ni watu ninaowaheshimu, na kila mmoja ana hoja.

Naomba mwenye uzoefu atueleze fomu hiyo inazuia madhara gani hasa, na inasomwaje hewani pale mawimbi yanapokuwa hafifu. Naomba pia mnisaidie katika jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Fomu nilizoziona zinadai namba ya nyumba na jina la mtaa, wakati watu wengi tunaotarajia kuwahudumia wanaishi vijijini, ambako hakuna anayemtafuta mwenzake kwa namba ya nyumba. Ujumbe wa namna hiyo utamfikiaje mlengwa?

Mzee wa Antena, Minneapolis

Mwanangu, nitakujibu kwa urefu kwa sababu kazi hii ndiyo ninayoifanya huku Marekani, ambako wapenzi wa redio hupelekeana ujumbe wa maandishi kila siku, hata pasipo na maafa yoyote, ili mazoea yasipotee.

Wenzako wote wawili wanasema kweli, ila wanazungumzia kazi mbili tofauti. Iko kazi ya kuongoza shughuli: gari la wagonjwa lipite wapi, boti ipo ng'ambo ipi ya mto, nani anahitaji betri. Hayo husemwa papo hapo kwa maneno mafupi, na kuyaandikia fomu ni kuyachelewesha. Iko kazi nyingine, ya kubeba maneno ya mtu mmoja kwenda kwa mtu mwingine ambaye hayupo hewani. Mganga Mfawidhi wa zahanati anapoomba dawa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, maneno yale si yako, wala si ya kituo cha katikati kinachokupokea na kukupitisha, ni amana. Ukiyasimulia kwa namna yako, na kituo cha pili kikayasimulia kwa namna yake, atakayesoma mwishoni atapata mabaki ya masimulizi mawili, na hakuna atakayeweza kuonyesha ni wapi majeruhi kumi na wanne walipogeuka kuwa kumi na wanane.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1914 Hiram Percy Maxim wa Hartford, katika jimbo la Connecticut, alishindwa kufikisha ujumbe katika mji jirani wa Springfield kwa kituo chake mwenyewe, akakiomba kituo kilichokuwa katikati kimpokelee na kumfikishia. Kutokana na hitaji hilo yeye na wenzake walianzisha ARRL, chama cha wapenzi wa redio wa Marekani, mwaka huohuo, na mwaka 1949 chama kikaunda mtandao wa kitaifa wa kupitisha ujumbe, ambamo karatasi moja hupanda kutoka kikao cha hewani cha jimbo hadi cha kanda, ikavuka nchi, kisha ikashuka ngazi zilezile mpaka kwa mtu wa mtaani anayepiga simu au kubisha hodi. Ujumbe unaopita mikono mingi kiasi hicho hauwezi kutegemea kumbukumbu ya mtu.

Fomu ina kichwa, anwani, maneno yenyewe na sahihi. Kichwani huandikwa namba ya ujumbe, daraja la uharaka, maelekezo maalumu kama yapo, ishara ya wito (herufi na tarakimu za kukitambulisha kituo) ya kituo cha kwanza, hesabu ya maneno, mahali ujumbe ulikotoka, saa na tarehe. Madaraja ni manne. Liko la dharura, ambalo ni la uhai na kifo, na ambalo neno lake huandikwa kwa ukamilifu bila kufupishwa. Liko la kipaumbele, kwa mambo ya maafa yenye muda maalumu. Liko la habari za hali za watu, kwa wanaotafuta au kutoa taarifa za jamaa zao. Na liko la kawaida. Nawasihi msilipe kila jambo daraja la juu kwa sababu tu aliyelileta ana hofu, maana siku ambayo kila ujumbe ni wa dharura, kituo kinachoongoza kikao cha hewani hakina tena namna ya kujua upi utangulie.

Jambo ambalo wanaoanza hulisahau ni kwamba namba na ishara ya wito ya kituo kilichoupokea ujumbe kutoka kwa mwandishi havibadiliki hata ujumbe ukipita vituo kumi. Mganga Mkuu akitaka kuuliza, atauliza kuhusu namba 7 ya kituo fulani, na kila aliyeubeba ataipata katika daftari lake pamoja na saa aliyoupokea, saa aliyoutoa na kituo alichokipa.

Nikupe mfano. Zahanati inaleta maneno haya, nawe unayaandika kwa herufi kubwa, maneno matano kila mstari:

ZAHANATI INA MAJERUHI 14 X
MAJI SAFI YAMEKWISHA X BARABARA
HAIPITIKI UPANDE WA KASKAZINI X
TUNAOMBA DAWA ZA KUTIBU MAJI
NA MAFUTA YA JENERETA

Herufi X husimama badala ya nukta, hutamkwa "eksirei", na huhesabiwa kama neno. Tarakimu 14 nayo ni neno moja. Hesabu ni 24, na ndiyo inayoandikwa kichwani kabla ujumbe haujaondoka. Mistari ya maneno matano inakuwezesha kuhesabu kwa kutupa jicho tu. Huku kwetu ujumbe hushauriwa usizidi maneno 25, na mkiufuata mpaka huo mtaona jinsi unavyomlazimisha mwandishi kuamua anachokitaka hasa. Sahihi isiwe jina peke yake; iwe na cheo, kwa sababu mpokeaji anayetoa dawa lazima ajue anayeziomba ana mamlaka gani. Tena, ukiona ujumbe hauko wazi, mrudie mwandishi aurekebishe kwa mkono wake. Wewe usiongeze wala usipunguze neno, hata pale unapoona kosa la tahajia, kwa kuwa huwezi kujua kama ni kosa au ni jina la mtu.

Hewani, soma kwa kasi ya anayeandika, wala usiifuate kasi ya ulimi wako. Tulia kidogo kila baada ya maneno matano na uachie kitufe, ili aliyepitwa apate nafasi ya kukusimamisha. Majina ya watu na ya mahali yatamke, kisha yataje herufi moja moja kwa alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie, ambamo kila herufi ina neno lake. Namba zitanguliwe na neno "tarakimu", kisha zisomwe moja moja: "tarakimu, moja, nne". Mkizisema kama tunavyozisema nyumbani, nne na nane zitawachanganya siku ya mvua na radi, na sita na saba vilevile. Mpokeaji akimaliza huhesabu maneno yake. Akipata 23 wakati kichwa kinasema 24, hatakiwi kukisia. Anasema ana 23, kisha mnakwenda mstari kwa mstari hadi pengo lionekane. Akijua pengo lilipo, ataomba "rudia yote baada ya neno BARABARA" au "rudia kati ya UPANDE na TUNAOMBA". Asitamke kwamba ameupokea mpaka karatasi yake imekamilika. Akishatamka, ujumbe ni wake na ataubeba yeye.

Lugha yetu ina hatari moja ambayo miongozo ya kigeni haiwezi kukutajia. Ukanushi wetu mara nyingi umo katika silabi ya kwanza ya kitenzi, na silabi ya kwanza ndiyo inayomezwa kwa urahisi mtu anapobonyeza kitufe na kuanza kusema papo hapo. "Hawatafika" ikikatwa kichwa inabaki "watafika", na hesabu ya maneno haitakuonya, kwa kuwa neno bado ni moja. Kwa hiyo kila kitenzi cha kukanusha kitajwe herufi kwa herufi, au mwandishi ashauriwe kutumia neno lisilo na pacha wake. Katika mfano wangu niliacha HAIPITIKI kwa makusudi ili mlione tatizo lenyewe. IMEFUNGWA ingekuwa salama zaidi.

Kuna hoja moja zaidi kwa yule mwenzenu anayeiona fomu kuwa urasimu. Usiku ambao Lindi haisikiki Dar es Salaam, huenda anayewasikia wote wawili vizuri ni mtu aliye Afrika Kusini au Uhindi, asiyejua neno hata moja la Kiswahili. Ukimsimulia habari, hawezi kukusaidia. Ukimpa kichwa, anwani na maneno 24 yaliyotajwa herufi kwa herufi, ataubeba ujumbe mzima bila kuelewa hata neno moja, na hesabu itamhakikishia kwamba hakuna alichoacha.

Wimbi Fupi, Nairobi

Shikamoo Mzee. Nimejifunza, hasa hapo kwenye ukanushi. Hata hivyo naona kikundi cha Lindi kisiachwe kikidhani kwamba sauti na karatasi ndiyo njia pekee ya kupeleka maandishi.

Upo mfumo wa Winlink, unaopeleka barua pepe kwa mawimbi ya redio. Mwandishi anaandika kwenye kompyuta, programu inaugeuza ujumbe kuwa mlio, redio inaurusha, na kituo cha lango kilicho mamia au maelfu ya kilomita mbali, ambako intaneti bado inafanya kazi, kinauingiza katika mtandao wa kawaida. Kipande kinachofika kikiwa na kasoro kinaombwa upya na mashine zenyewe, bila mtu kuingilia. Faida yake ni kubwa pale unapokuwa na orodha ndefu. Baada ya kimbunga Maria kuipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017 na kuzima umeme kisiwa kizima, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliwaomba ARRL hadi waendeshaji 50 wa kujitolea, na 22 wakapelekwa kisiwani. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa kutoa nje taarifa za watu waliosalimika ili jamaa zao walio bara wapate habari. Mamia ya majina hayasomwi kwa sauti, herufi moja moja, yakaisha kwa wakati.

Vituo viwili vya Winlink vinaweza pia kupelekeana ujumbe moja kwa moja bila lango lolote, na hilo ndilo ningelifanyia mazoezi kwanza kama ningekuwa Lindi, kwa sababu halihitaji kitu chochote kilicho nje ya mikono yenu.

Sisemi fomu itupwe. Hata kwenye kompyuta, ujumbe usio na cheo cha mwandishi, saa ya kuandikwa na anwani inayoeleweka utafika ukiwa safi na bado usimsaidie mtu. Kompyuta nayo inakula umeme kuliko redio inayosikiliza tu, na ikifa, betri ya gari, kalamu na daftari vitaendelea. Ninachoomba ni kwamba mazoezi yawe ya aina zote mbili, na ujumbe uleule upelekwe kwa sauti na kwa Winlink, kisha karatasi mbili zilizopokewa ziwekwe pembeni ya ile ya mwandishi na kusomwa.

Kwa upande wa masafa, kumbukeni kwamba katika kanda yetu ya umoja wa kimataifa wa wapenzi wa redio, kanda ya kwanza, kilohezi 3760, 7110 na 14300 ni vitovu vya shughuli za dharura. Havijatengwa kisheria, lakini panapotokea maafa watu huombwa kuviacha wazi. Kati ya Lindi na Dar es Salaam, 7110 mchana kwa antena ya waya iliyofungwa chini, mita chache tu kutoka ardhini, itakupa mawimbi yanayopanda juu na kurudi karibu, badala ya kuruka na kuangukia mbali.

Bint wa Shehia, Unguja

Assalaam alaykum. Mzee Shikamoo, na nyote nawasalimu.

Mimi ninajitolea katika kazi ya kuunganisha familia zilizopotezana, na nitajibu lile la anwani, kwa sababu ndipo ninapoona ujumbe mwingi ukikwama. Mtu anafurahi kwamba maneno yamevuka bahari, kumbe yamelala kwenye daftari la mtu asiyejua ampelekee nani.

Anwani iandikwe kwa namna mtu anavyotafutwa mahali pake. Andikeni majina matatu, lake, la baba na la babu. Andikeni jina ambalo majirani wanamwitia, kwa kuwa wapo watu ambao jina lao la cheti halijulikani hata nyumba ya pili. Andikeni kijiji, kitongoji, wilaya na mkoa bila kuruka hata kimoja, maana Magomeni iko Dar es Salaam na iko Unguja, na Mtoni vilevile. Halafu mtajeni mtu anayejua kila mtu: huku kwetu ni sheha, kwenu ni mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji wa kijiji, na kwa ndugu zetu wa Kenya ni chifu au mzee wa mtaa. Msikiti, kanisa au shule ya jirani inafaa kutajwa pia. Namba za simu ziwe mbili kama zipo, moja yake ikiwa ya jamaa aliye mbali na eneo la maafa, kwa sababu huenda simu yake bado ina mtandao.

Atakayepokea mwishoni na kuufikisha ujumbe ana wajibu wa kurudisha taarifa: aliyeupokea ni nani, saa ngapi, na kama ana jibu. Asipompata mlengwa, aseme hivyo na sababu yake, kwa kutumia namba ileile ya ujumbe. Mama anayesubiri habari za mwanawe anateseka zaidi kwa kutojua kama ujumbe umefika kuliko kwa kuambiwa kwamba mtu alikwenda, akaikuta nyumba imefungwa, akaelekezwa shule waliyohamia wakazi, na anaendelea kutafuta.

Lakini naomba mlitazame sana suala la siri, ambalo hamjaligusa. Mawimbi haya yanasikika na yeyote mwenye redio ya kupokelea. Kanuni za kimataifa za redio, kama zilivyorekebishwa mwaka 2003, zinakataza vituo vya ridhaa vya nchi tofauti kufumba maana ya wanachopelekeana, kwa hiyo msitegemee maficho ya aina hiyo. Dawa yake ni kuacha nje kisichohitajika. Ombi la dawa halihitaji majina ya wagonjwa wala maradhi yao. Mtoto aliyepatikana peke yake asitajwe hewani mahali alipo. Hilo lipelekwe kwa maofisa wa ustawi wa jamii au Msalaba Mwekundu kwa njia wanayoikubali wao. Habari ya kifo, kwa maoni yangu, isipelekwe kwa jamaa kwa karatasi ya redio hata siku moja. Ujumbe uende kwa sheha au imamu au padri, ukimwomba awasiliane na ofisi husika, naye akishapata uhakika aende mwenyewe na mtu wa familia, wakae chini, waseme.

Kabla ya yote mwambieni mwandishi, kwa lugha nyepesi, kwamba maneno yake yatasikiwa na wengine. Akishajua, wengi wao hubadilisha wenyewe walichotaka kuandika.

Nimalizie kwa lililotokea katika bahari yetu hii hii. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga nchi za Bahari ya Hindi na kufika hadi pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania, bibi mmoja wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman pamoja na timu ya wapenzi wa redio kutoka Hyderabad. Walikuwa wamekwenda kwa ajili ya kuzungumza na vituo vya dunia nzima kutoka visiwa ambavyo havikuwa vikisikika hewani kwa miaka mingi. Mawasiliano ya kawaida yalipokatika, waliacha shughuli hiyo na kugeuza vituo vyao kuwa njia ya kupeleka bara habari za walionusurika na maombi ya msaada. Mzigo mkubwa wa kazi ya namna hiyo ni majina ya watu na maswali ya jamaa zao, ndiyo maana nasisitiza majina matatu, kitongoji na mtu wa kuulizwa.

Mlinzi wa Masafa, Lindi

Nawashukuru sana. Nimewasomea wenzangu majibu haya, na yule aliyeipinga fomu amekubali kuitumia kwa maneno ya watu wengine, huku sote tukikubaliana kwamba mazungumzo ya kuongoza shughuli yaendelee kwa mdomo. Dada yangu wa Unguja, lile la kumwarifu mwandishi kwamba atasikiwa tumeliandika juu kabisa ya fomu yetu.

Nina maswali mawili ya nyongeza. Je, sheria inaturuhusu kubeba ujumbe wa mtu asiye na leseni, na kuupitisha katika kituo cha nchi nyingine kama alivyosema Mzee? Na je, saa tuiandikeje? Katika zoezi letu la mwisho mwandishi aliandika "saa nane", mpokeaji akaielewa kuwa saa mbili asubuhi, na msaada wa mfano ukapangiwa muda usio wake.

Mzee wa Antena, Minneapolis

Kuhusu sheria, kanuni za kimataifa zinasema vituo vya ridhaa vinaweza kupeleka ujumbe wa watu wengine kati ya nchi na nchi wakati wa dharura au wa msaada wa maafa tu, na zinazihimiza serikali kuviwezesha vituo hivyo kujiandaa kwa kazi hiyo. Maana yake ni kwamba salamu za sikukuu kutoka Lindi kwenda Durban hazina ruhusa hiyo, lakini ombi la dawa wakati wa mafuriko linayo. Ndani ya nchi, masharti ya leseni yenu ndiyo yanayotawala. Andikeni barua TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, sasa, kabla ya msimu wa mvua, mwombe kibali cha mazoezi kwa maandishi, na nakala yake ikae kwenye jalada la kituo. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya nayo ijue kwamba mpo, kwa kuwa kamati ya maafa haiwezi kumtumia mtu isiyemjua.

Saa ni jambo zito kuliko linavyoonekana, na limetupata sisi Waswahili zaidi ya wengine kwa sababu siku yetu huanza kuhesabiwa asubuhi. Katika kichwa cha ujumbe tumieni saa za UTC, yaani saa moja ya dunia nzima, peke yake, kwa tarakimu nne na herufi Z inayoitambulisha. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo saa nane mchana ya Lindi ni 1100Z. Ndani ya maneno ya mwandishi hali ni tofauti, kwa kuwa hayo hamruhusiwi kuyabadili. Mwandishi akileta "saa nane", mwombeni aandike mwenyewe SAA NANE MCHANA, au 1400 akifuatisha na neno EAT (saa za Afrika Mashariki), na asiache neno la wakati hata kama linaongeza hesabu. Tarehe nayo ibadilike kwa UTC: ujumbe ulioandikwa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 5 hapo Lindi una kichwa cha 2200Z, tarehe 4. Wekeni saa ya ukutani ya pili pale kituoni, iliyorekebishwa kwa UTC na kuandikwa hivyo kwa herufi kubwa, na daftari la kituo lijazwe kwa kuitazama hiyo tu.